Mpima Magodoro

Wako watu wanaodharau usingizi. Waacheni. Hawajui kwamba kila wanapojitupa kitandani na kusema "ahhh", kuna mtu aliyelitangulia lile "ahhh" lao, mchana kweupe, viatu kavipanga chini ya kiti, mikono kaiweka kifuani, akisikiliza kwa mgongo.

Kiwandani walimwita Mgongo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mhasibu alikuwa akilisahau. Alianza pale kama mpakiaji, akibeba magodoro kutoka ukumbini hadi kwenye malori, na haikupita muda wenzake wakagundua jambo. Godoro likimlalia mgongoni, alilijua. "Hili limeshonwa na mtu mwenye haraka," alisema akiwa njiani nalo. Au, "Hili upande wa miguu halijashiba." Likifunguliwa, kweli tupu. Basi wakamtua mzigo, wakampa chumba.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi wa kushonea. Kilikuwa na dirisha refu lenye pazia jeupe, kitanda cha chuma kisicho na madaha, na kiti kimoja. Kelele za vyerehani zilipenya ukutani zikiwa zimelainika, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Kila aina mpya ya godoro ilipobuniwa, na kila toleo jipya lilipoanza, godoro la kwanza lililetwa humo. Mgongo alivua viatu, akalala chali, akafumba macho, akaanza kushuka.

Kazi hii ilikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo kazi yenyewe: usilale. Ukiwa macho kabisa, mgongo hauna habari. Unahisi kitanda kama unavyohisi kiti cha ofisi ya serikali, basi. Na ukilala fofofo umepotea, kwa sababu sasa si wewe unayelipima godoro, godoro linakupima wewe. Mpimaji anakaa katikati. Anashuka polepole hadi pale mawazo yanapolegea na kuanza kuingiliana, pale ambapo mtu anaweza kumwona samaki anapiga pasi na asione ajabu, halafu anasimama hapohapo, hasogei mbele, harudi nyuma. Mgongo alipaita ukingoni. Na alipofika ukingoni, mgongo wake ulifumbua macho.

Huko aliona mambo. Magodoro ya springi yalimpeleka stesheni, kwenye stesheni ndefu isiyo na mji, treni zikipita bila kishindo, abiria wakimpungia mikono kana kwamba wote ni binamu zake. Magodoro ya sponji yalikuwa maji, maji ya uvuguvugu yasiyo na kina, na yeye akielea juu yake kama jani. Ya pamba yalimrudisha uani kwa bibi yake, siku ya kufua, mashuka yameanikwa kila upande, na yeye mdogo akitembea katikati ya mashuka na kila anapotokea anakuta mashuka mengine. Kama godoro ni zima, safari ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Lakini kama lina kasoro, kitu kilitokea kisicho na mahali pake. Mbuzi amesimama stesheni. Mlango katikati ya maji. Shuka moja jeusi kwenye kamba. Mgongo alimtazama yule mbuzi, akaona amesimama upande gani, kisha akainuka, akaweka kidole juu ya godoro, akasema, "Hapa." Na hapo palifunguliwa, na hapo palikutwa springi iliyopinda, au gundi iliyoganda kama kokoto.

Usidhani heshima ilikuja pamoja na kipaji. Ng'o. Kila alipotoka chumbani, Pindo alikuwa akimsubiri. Pindo alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona mapindo ya magodoro yote ya kiwanda kile, mikono yake mepesi na mdomo wake mwepesi zaidi.

"Mgongo! Umeamkaje? Pole na kazi, kaka!"

Ukumbi mzima ulicheka, vyerehani vikasita.

"Kazi nzito, dada," Mgongo alijibu. "Jasho limenitoka."

"Tunaona. Hata shavu limeumuka. Wenzio tunakazana, wewe unakoroma na mshahara unapokea!"

"Mimi sikoromi."

"Basi ni ng'ombe aliyeingia chumbani kwako. Tumwite daktari wa mifugo."

Alicheka pamoja nao. Alijua wanampenda. Lakini kicheko kikirudiwa kila siku huacha mahali penye wekundu, kama nguo inayobana begani.

Asubuhi moja Meneja alimwita. Meneja alikuwa mtu mfupi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, na kalamu zake zote alizitafuna ncha.

"Kaa, Mgongo."

"Nimezoea kulala, bosi."

Meneja alicheka mpaka miwani ikamshukia machoni. Kisha akawa mtu wa kazi. Msimamizi wa ukumbi alikuwa anastaafu. Ukumbi mzima, washonaji, watu wa gundi, wapakiaji, wote walihitaji mtu anayelijua godoro ndani na nje, na mtu huyo hapakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Angepewa ofisi yenye kioo inayotazama ukumbi. Angekuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka.

"Na chumba changu?" Mgongo aliuliza.

"Chumba kipi? Ah, cha kupimia. Tumeagiza rola. Pipa la chuma, zito, linabingirika juu ya godoro kutwa kucha. Halichoki, haliombi ruhusa ya msiba."

"Na linaota?"

"Lina nini?"

"Basi, bosi."

"Nipe jibu Ijumaa," Meneja alisema, na kalamu ikarudi mdomoni.

Makubwa hayaji peke yake. Jioni ileile, akiwa njiani kurudi nyumbani, simu iliita. Sauti ilikuwa ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alijitambulisha kuwa afisa wa kiwanda kingine, kile kikubwa chenye magodoro yanayotangazwa kwenye mabango, katika mji ulio mwisho wa reli. Sifa za Mgongo zilikuwa zimewafikia.

"Sisi hatutaki usimame," afisa alisema, kana kwamba alikuwa ameketi ofisini kwa Meneja asubuhi ile akisikia yote. "Sisi tunataka ulale. Utalala kwa heshima, jina lako mlangoni. Na nyumba tutakupa. Njoo utuone Jumatano."

Mgongo alisimama barabarani simu ikiwa sikioni hata baada ya kukatika. Watu walimpita huku na huku. Mtu mmoja anataka asimame, mwingine anataka alale, naye maisha yake yote alikuwa ameyaweka katikati.

Nyumbani alimkuta mkewe sebuleni akimsuka mteja. Sebule yao ilikuwa ndiyo saluni yake: kioo kikubwa, viti viwili, na harufu ya mafuta ya nywele iliyokwisha kuwa harufu ya nyumba. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, akichambua mboga na dunia. Binti yao mdogo alikuwa chini, akichora. Mgongo akaeleza, kwanza hili, kisha lile.

"Msimamizi!" Mama mkwe aliweka sinia chini. "Jamani, sikieni! Miaka yote hii nikiulizwa mkweo anafanya kazi gani, namezea. Nilidhani nimemwozesha binti yangu kwa kitanda. Sasa nitakuwa na mkwe anayesimama!"

"Mama," mkewe alisema.

"Nimesema nini? Si nafurahi?"

Binti akainua kichwa. "Shuleni mwalimu aliuliza baba zetu wanafanya kazi gani. Nikasema baba analala. Wakacheka. Nikasema analala *kwa bidii*."

Mteja alishindwa kujizuia, akacheka hadi msuko ukamponyoka msusi.

Baadaye, mteja alipokwenda zake na jua likiwa bado kwenye mapazia, mkewe alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akamtazama mumewe kupitia kioo.

"Baba mtoto, mimi nitakwenda unakokwenda. Vichwa vya kusuka viko kila mji. Lakini usiniambie nikuchagulie, halafu kesho kutwa mambo yakienda mrama unitolee macho."

"Sijakuambia unichagulie."

"Hujaniambia kwa mdomo. Sura yako imeshaniambia mara tatu."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kesho yake waliingiza chumbani godoro la kwanza la toleo jipya, la springi. Mgongo alilala chali, akafumba macho, akashuka. Stesheni ilikuwepo. Lakini jukwaani alikuwepo Meneja, anatafuna tiketi. Akajaribu kumpita, akakuta mwanamke mwenye simu. Abiria hawakumpungia. Walisimama safu mbili, huku na huku, wanamngoja apande. Alifumbua macho. Akafumba tena. Mara hii hakufika hata stesheni. Aliona dari, hata akiwa amefumba macho, dari tu, na ufa wake, na buibui anayekwenda zake. Mgongo wake ulikuwa ubao.

Alipoulizwa, godoro vipi, alijibu neno ambalo hakuwahi kulitamka katika chumba kile.

"Sijui."

Neno hilo lilimtia baridi. Kazi mbili zilikuwa zinamgombania kwa ajili ya kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kinamtoroka. Akawaza: kama ukingo umekwenda, kwenye ofisi ya kioo nitakuwa mtu mwingine tu anayepiga kelele, na huko mwisho wa reli nitakuwa mtu mwingine tu anayesinzia. Si cheo wala nyumba vilivyomnyima raha. Aliogopa kuamka siku moja na mgongo kama wa mtu yeyote.

Pindo aliingia bila kubisha, akakaa kwenye kile kiti kimoja.

"Leo umelala kama mtu anayesubiri kung'olewa jino."

"Umejuaje?"

"Miguu. Siku zote miguu yako inaanguka huku na huku kama ya mtoto. Leo vidole vinatazama dari." Akapapasa godoro kwa kiganja. "Hivi mtu mwingine akilala hapo, mimi tuseme, nitaona nini?"

"Wewe? Huwezi kuona kitu. Mdomo wako haufungi, usingizi utaingilia wapi?"

"Mshenzi wewe," Pindo alisema, akacheka, akaenda zake. Lakini mlangoni aligeuka akakitazama kile kitanda, kama mtu anavyotazama bahari ambayo hajawahi kuogelea.

Jumatano Mgongo alipanda treni. Kwa mtu aliyepita stesheni nyingi akiwa amelala, treni halisi ilimshangaza kwa kelele zake. Mashamba yalipita, kisha maghala, kisha mji wenye vioo, na kiwanda chenyewe kikiwa cheupe kuliko hospitali. Afisa alimpokea mlangoni, mwanamke mrefu, mchangamfu, aliyetembea kana kwamba sakafu inamsukuma. Alimpa mkono, akamwonyesha huku na huku, akamuuliza habari za mke na mtoto, na alipojibiwa alisikiliza. Mgongo alimpenda. Alitamani asimpende, ingekuwa rahisi zaidi.

Chumba cha kupimia kilikuwa kama jukwaa. Kitanda katikati, taa za rangi ya maziwa, na pembeni watu wenye makoti meupe, na mmoja mwenye kamera.

"Lala tu," afisa alisema. "Fanya unavyofanya siku zote."

Mgongo akavua viatu, akajinyoosha.

Mama yangu! Godoro lilimpokea kama lilikuwa limeambiwa mapema kuhusu kila mfupa wake. Mabega yalizama, kiuno kikainuliwa, visigino vikasahaulika. Alianza kushuka, na kushuka kulikuwa kutamu. Hakukuwa na stesheni, wala maji, wala mashuka. Kulikuwa na ngazi laini zinazoteremka kwenye mwanga wa asali, na kila ngazi ilimwomba ashuke moja zaidi. Meneja akafifia. Mama mkwe akafifia. Ijumaa yenyewe ikafifia. Mahali fulani alipapita pale anaposimama siku zote. Alipaona kama mtu anavyoona kwa pembe ya jicho kituo alichopaswa kuteremka, na akasema moyoni, ah, baadaye. Kisha hakusema tena lolote.

Kilichomwamsha ni makofi.

Aliketi upesi, mate kidevuni. Wale wa makoti meupe walikuwa wamesimama wanashangilia. Mwenye kamera alimwinulia dole gumba. Afisa macho yalimng'aa.

"Umelala! Umelala na umekoroma! Mtu mwenye mgongo mkali kuliko wote nchini, mbele ya watu na taa, kalala kama mtoto!"

Mgongo alijifuta kidevu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ile aibu ya fundi aliyekata kitambaa kabla ya kupima. Hata siku yake ya kwanza hakuwahi kufanya kosa hilo.

"Samahani," alisema. "Sikulipima. Nililala."

"Ndiyo!"

"Hapana, dada, nisikilize. Nikilala, siwezi kukuambia kitu. Ndani ya godoro hili mnaweza kuwa mmeweka nyundo, nami nisijue. Turudie. Niacheni nianze upya."

Walicheka, si kwa ubaya. Afisa akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza polepole, naye alikuwa mkweli.

"Kupima tunayo mashine, na mashine zetu ni nzuri. Hatukukuitia hilo. Watu wanaonunua godoro hawajali springi. Wanataka kumwona mtu anayejua magodoro yote akilala kwenye letu. Hicho ulichofanya sasa hivi, ndicho tunachotaka. Kila siku. Ni kosa gani hapo?"

Na hakika hapakuwa na kosa. Hilo ndilo lililomtia hofu alipokuwa amekaa dirishani treni ikimrudisha. Alikuwa amelala vizuri kuliko miaka yote. Mwili wake ulikuwa bado unataka kurudi, ulikuwa unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Angeweza kuishi hivyo. Angelala kila siku katika ule mwanga wa asali, na watu wangempigia makofi, na baada ya mwaka mmoja au miwili angepapita pale pa kusimama bila hata kupaona kwa pembe ya jicho. Mashamba yalirudi moja moja dirishani, yamelowa jua la alasiri. Mgongo hakusinzia. Alikaza macho yawe wazi kama mtu anayelinda kitu.

Mkewe alimsikiliza huku akikunja taulo za saluni. Alipofika kwenye makofi, taulo zilimwanguka.

"Walikupigia makofi kwa kukoroma?"

"Ndiyo."

"Mimi nimevumilia bure miaka yote hii! Nani amewahi kunipigia hata kofi moja?"

Walicheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta akitaka kujua kuna nini. Kisha kicheko kikaisha, wakabaki wanatazamana.

"Kwa hiyo huendi," mkewe alisema.

"Siendi."

"Basi unabaki usimame. Mbona hufurahi?"

"Mgongo uliosimama hausikii, mama mtoto. Nikishika ukumbi, chumba kinafungwa. Rola linachukua kila kitu. Ninachokijua kitaishia kwangu."

Mkewe aliokota taulo, akazikung'uta. "Unakumbuka nilivyoanza kusuka? Vidole vyangu vilikuwa kama vijiti. Dada yangu alikaa nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, tukasuka kichwa kimoja watu wawili. Halafu siku moja akaondoa mikono, nami sikutambua." Aliweka taulo kabatini. "Au mgongo umeumbiwa wewe peke yako? Sema, tujue tumekaa na mtume humu ndani."

Mgongo alimfungia mlango wa kabati. Usoni mwake kitu kililegea.

Ijumaa alisimama mbele ya Meneja, kiti akakikataa.

"Nakubali, bosi. Kwa sharti moja. Chumba kibaki."

"Rola limeshafika."

"Lifanye kazi. Lina kazi yake. Litatuambia godoro litadumu miaka mingapi. Lakini kama godoro litamwacha mtu apumzike, hilo rola halilijui, na halitalijua."

"Na nani atalala? Wewe?"

"Msimamizi hawezi kulala ukumbi ukiwa kazini. Hata mimi nisingemheshimu. Nitamtafuta mtu."

Meneja alitafuna kalamu, akaitazama, akaitafuna upande wa pili. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Unataka kubaki na kijiwe chako."

"Nataka kukigawa."

"Mwezi mmoja. Mtu wako akikosea, akafungua godoro zima bure, chumba nakifanya stoo ya nyuzi."

Alijaribu wengi. Kijana wa gundi alilala macho yamemtoka chini ya kope kama askari wa lindo. Mpakiaji mmoja alipotea kabla hata hajavua kiatu cha pili, wakamwamsha kwa maji. Mwingine alidai ameona malaika, lakini hakuweza kusema malaika alisimama upande gani. Ukumbi ulipata burudani ya wiki. Na kila siku Pindo alipita mlangoni, akatupa neno, akaenda.

Mwishowe hakwenda. Aliingia, akavua kandambili, akapanda kitandani bila kuombwa. Juu ya kitanda lilikuwa godoro la kwanza la toleo la siku ile, la pamba na springi.

"Mdomo wangu haufungi, najua, ulisema," alisema akilitazama dari. "Basi nifanyeje?"

Mgongo alitaka kumwambia anyamaze. Ndivyo yeye alivyofanya siku zote, kimya, mikono kifuani. Akafumbua mdomo, kisha akabadili.

"Ongea," alisema. "Ongea tu, usisimame."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nisimulie jana."

Na Pindo akaongea. Alianza na jirani yake na ugomvi wa bomba la maji, akaenda kwa shangazi yake, akarudi kwa bei ya uzi, sauti ikipanda na kushuka, na kule nje vyerehani vikinyesha mvua yao ya jirani. Mgongo alisimama kando, hakumgusa. Polepole maneno yalianza kulegea, kama mshono unaoachia uzi mmoja mmoja.

"... nikamwambia huu uzi hautoshi, akasema chukua wangu, akauvuta kutoka... kutoka mtoni, uzi mrefu huo, na ng'ombe wanavuka... wanavuka wamevaa soksi..."

Miguu yake ilianguka huku na huku. Mgongo aliinama karibu.

"Endelea," alinong'ona. "Hapohapo. Usivuke nao."

"Sivuki. Nimekaa. Wanapita... soksi nyeupe, wote... mmoja hana."

"Hana nini?"

"Soksi. Mguu mtupu. Maskini."

"Yuko wapi?"

Mkono wa Pindo uliinuka kama unatoka majini, ukashuka, ukagusa godoro chini kidogo ya nyonga yake ya kushoto. "Hapa," alisema, na palepale akafumbua macho, akaketi, akatazama chumba kama mgeni. "Nimesema nini? Nimekuaibisha?"

Mgongo alipitisha kiganja pale. Hakuhisi kitu. Pamba tu, pindo safi, kitambaa kilichonyooka. Magoti yake yalianza kukunjika yenyewe. Dakika moja tu, angelala dakika moja, angefika, angejua. Nje, mtu wa gundi alikuwa akimwita aamue jambo. Kwenye ofisi ya kioo Meneja alikuwa amesimama, miwani machoni, anatazama upande wao. Kama hapakuwa na kitu pale, godoro zima lingefunguliwa bure, na chumba kingejaa nyuzi kabla ya jua kuzama. Na mgongo wake, aliouamini kuliko macho, ulikuwa wima na kimya.

Akanyoosha magoti.

"Chukua mkasi," alisema. "Fungua hapo."

"Nifungue pindo langu mwenyewe? Nimelishona leo asubuhi!"

"Lako mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwona ng'ombe."

Hakungoja. Alitoka akaenda kwa watu wa gundi, akasimama katikati yao, akawauliza tatizo ni nini. Nyuma yake alisikia mkasi, na Pindo akinung'unika kila uzi aliokata, analaani ng'ombe, analaani soksi, analaani siku aliyopanda kitanda kile. Kisha mkasi ukasita, na manung'uniko nayo yakasita.

"Msimamizi!" Pindo aliita, na sauti yake haikuwa na utani. "Msimamizi, njoo uone!"

Hakugeuka mara moja. Alisimama pale palipo na kelele, watu wakimtazama, akiupa mgongo wake muda wa kulizoea jina.